Barua ya wazi: Uwanda wa nyasi za bahari ukaguliwe usiku kabla ya kibali kutolewa

Waheshimiwa viongozi na watendaji wenye dhamana ya bahari, uvuvi, mazingira na uwekezaji Zanzibar,

Assalaam alaykum.

Nakuandikieni kuhusu ule uwanda unaobaki wazi maji yanapokupwa katika pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Ghuba ya Chwaka na Michamvi, kuteremka Bwejuu, Paje na Jambiani hadi Makunduchi. Kwa mgeni aliyeketi ufukweni, uwanda huo ni mchanga, majani na vidimbwi, na mbele yake mawimbi yakivunjika mwambani. Kwa wanaoutegemea, ndipo lilipo shamba la mwani, ndipo inapopita njia ya kwendea pweza na ndipo yanapotegwa madema, na pia ni malisho ya viumbe ambao wengi wao mchana hawaonekani. Ombi langu ni moja, na yote nitakayoyaeleza yanatoka humo: pasitolewe kibali cha kujenga, kuchimba, kufyeka nyasi au kusimika nguzo katika uwanda huu kabla haujakaguliwa usiku, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kukupwa kupita kawaida, na watu wanaojua wanachokitafuta.

Nimemchagua kiumbe mmoja awe shahidi wa ombi hili. Ni koa wa bahari ambaye wanasayansi wanamwita Dolabella auricularia, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitaalamu na John Lightfoot mwaka 1786, na ambaye anaishi katika maji ya kina kifupi kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Si mdogo, kwani aliyekomaa anaweza kufikia urefu wa sentimita 40, lakini rangi yake ya kijani iliyochanganyika na hudhurungi, pamoja na vinyweleo laini vilivyotapakaa mwilini, humfanya apotee kabisa katikati ya majani na mawe yenye ukoga. Sehemu yake ya mbele ni nyembamba na ina pembe mbili fupi za kunusia, mwili unatanuka kuelekea nyuma, kisha unakatika mshazari na kuacha bapa ya mviringo yenye vinundu pembezoni. Katikati ya bapa hiyo pana mwanya ambao maji hupitia kwenda kwenye matamvua. Gamba analo, ila limefichika ndani ya mwili, na akisumbuliwa hutoa wino wa zambarau unaotia rangi kidimbwi chote alimo. Mwenye kuwahi kumkanyaga kwa bahati mbaya wakati wa kurudi kutoka mwambani anaujua wino huo, hata kama hakupata kumjua mwenyewe.

Mchana koa huyu hulala. Hujifukia nusu mwili mchangani, au huingia chini ya jiwe na kwenye mashina ya nyasi, akatulia. Giza likiingia hutoka na kuanza kula miani mbalimbali, akiisaga taratibu kwa ulimi wenye meno mengi madogo, na hivyo kupunguza mimea ile inayotambaa juu ya nyasi na kuzinyima mwanga. Kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike, na mayai yake hutagwa katika uzi mrefu wa kijani uliojiviringa kama tambi, ukiwa umenata kwenye jani au jiwe. Vijana wanaoanguliwa huelea na maji kwa wiki kadhaa kabla ya kutua, na hawatui popote tu, kwani wanahitaji kukutana na mimea inayofaa ndipo wabadilike na kuanza maisha ya sakafuni. Pakifyekwa majani, kizazi kijacho hupita juu ya mahali hapo kikaendelea na safari, na mara nyingi safari hiyo huishia kwenye maji makuu ambako hakuna cha kukipokea.

Sasa tazameni saa. Hapa kwetu maji ya bamvua hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na tena mnamo saa nne usiku, yakichelewa kwa kiasi kisichofika saa moja kila siku inayofuata. Tofauti kati ya maji kujaa na kukupwa wakati wa bamvua kubwa hukaribia mita 4, kwa hiyo uwanda mzima huanikwa. Mkaguzi anayetoka mjini baada ya chai huikuta saa nne ya asubuhi ikimsubiri kwa urahisi wote: jua liko juu, njia ni kavu, picha zinatoka vizuri. Anachokiona ni nyasi, mchanga, kaa wachache wanaokimbia na kinamama walioinama kwenye mwani wao. Nimepata kusoma taarifa ya tathmini ya mradi mmoja wa ufukweni, ambao sitautaja, iliyohitimisha kwamba eneo lina viumbe wachache wa kawaida wasio na umuhimu wa pekee. Aliyeandika hakusema uongo, kwani aliandika alichokiona. Lakini alikwenda saa ambayo koa, jongoo bahari wa aina nyingi, kaa wakubwa, chewa wadogo na konokono wawindaji wamejificha, na taarifa ya saa mbili za jua ikageuka kuwa ukweli wa kisheria juu ya mahali ambapo nusu ya maisha yake hufanyika gizani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar ya mwaka 2015 inataka tathmini ya athari za kimazingira ifanyike kabla ya miradi mikubwa kuanza. Siombi sheria mpya. Naomba maelekezo ya utekelezaji yaseme waziwazi kwamba mradi wowote unaogusa uwanda wa nyasi ukaguliwe katika maji ya kupwa ya usiku, angalau katika bamvua za msimu wa kaskazi na tena za msimu wa kusi, kwa sababu majani na viumbe hubadilika pamoja na upepo na mvua. Gharama yake si ya kutisha. Kazi hii hufanywa kwa miguu, na vifaa vyake ni taa, viatu vya kufunika nyayo, kamba iliyopimwa mita na daftari. Boti haihitajiki wala vifaa vya kuzamia. Mwekezaji mwenye uwezo wa kujenga hoteli juu ya maji hashindwi kulipia usiku michache ya watu wenye taa.

Na watu hao wapo. Mvuvi wa dema anayejua majani gani hukaa tasi na majani gani hukaa pono, au mama aliyelima mwani mahali pamoja tangu ujana wake, ana elimu ambayo mtaalamu mgeni ataihitaji hata akiwa na shahada tatu. Nashauri wafundishwe kuandika na kupima kwa utaratibu, walipwe kama wakaguzi na si kama wabeba mizigo, na takwimu wanazokusanya zibaki kwenye shehia pamoja na kupelekwa kwenu. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hapa hapa Unguja, na miaka mingi imefanya utafiti Chwaka, ambako aina 11 za nyasi za bahari zimeorodheshwa katika ghuba moja, ilhali dunia nzima ina aina zipatazo 72. Sidhani kama wananchi wengi wanajua kuwa wanakanyaga utajiri wa namna hiyo kila wanapokwenda baharini, na nadhani hata baadhi ya wanaotia saini vibali hawajaambiwa.

Natambua swali litakaloulizwa katika vikao vyenu: koa ana faida gani? Haliwi kwetu, ingawa Fiji huliwa na Ufilipino watu hukusanya mayai yake kwa chakula. Hauzwi sokoni. Mtalii hamfuati. Naomba nilijibu swali hilo kwa urefu kidogo, maana jibu lake limo katika bahari hii hii ya Hindi.

Mwaka 1972, timu ya mkemia George Pettit wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, ilianza kufanyia kazi koa wa aina hii hii waliokusanywa Mauritius, ikitafuta kemikali zinazoweza kuzuia saratani. Kilichopatikana kilikuwa kidogo mno, kiasi kwamba mamia ya kilo za koa zilitoa miligramu chache tu za kitu kilichokuja kuitwa dolastatini 10, na muundo wake ukatangazwa mwaka 1987, baada ya miaka 15 ya kazi. Kitu hicho huzuia chembe hai zisigawanyike, na nguvu yake ilikuwa kubwa hata ikawa sumu kwa mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo majaribio ya kukitumia peke yake hayakufaulu. Wanasayansi wakatengeneza maabara kemikali inayofanana nacho, wakaiunganisha na kingamwili inayoitafuta chembe ya saratani na kuipelekea sumu hiyo mlangoni kwake. Dawa ya kwanza ya namna hiyo, brentuksimabu vedotini, iliidhinishwa Marekani Agosti 2011 kwa ajili ya saratani ya tezi za limfu iitwayo Hodgkin, na tangu hapo zimefuata nyingine zinazotumia kemikali ile ile, zikiwemo za saratani ya kibofu cha mkojo. Leo wapo wagonjwa wanaoishi kwa sababu ya kazi iliyoanzia kwa koa aliyejificha kwenye vidimbwi vya kisiwa cha Bahari ya Hindi.

Kisa hiki kina sehemu ya pili ambayo mara nyingi husahaulika, na kwangu mimi ndiyo yenye uzito zaidi katika barua hii. Mwaka 2001 watafiti waliipata dolastatini 10 ndani ya sianobakteria, vijidudu vinavyoota kama nyuzi na utando kwenye majani na matumbawe ya maji mafupi. Koa hakuitengeneza yeye, bali aliipata kwa kula. Maana yake ni kwamba dawa ile ilitokana na malisho, na koa alikuwa mkusanyaji tu. Ukimhifadhi koa katika tangi la kioo ukaufyeka uwanda, utakuwa umehifadhi chombo kitupu. Kinachostahili kulindwa ni mahali penyewe, pamoja na utando ule wa utelezi ambao mwenye kusafisha ufukwe huuona ni uchafu.

Kwa sababu hiyo hiyo naomba jambo la kisera lisiachwe nyuma. Dawa hizo sasa hutengenezwa viwandani bila kuhitaji koa hata mmoja, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kuja kutuambia kwamba anahitaji magunia ya koa. Lakini watafiti wataendelea kuja kuchukua sampuli, na ni vyema waje. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliweka msingi kwamba nchi inayotoa rasilimali za kijenetiki ina haki ya kuombwa ridhaa kabla na kugawiwa manufaa baadaye. Vibali vya utafiti katika uwanda wetu viandikwe kwa kuzingatia msingi huo, viwe na idadi ya juu ya viumbe wanaoruhusiwa kuchukuliwa, na nakala ya matokeo irudi kwa lugha ambayo sheha na kamati yake ya uvuvi wanaisoma.

Nirudi kwenye uwanda wenyewe na yale yanayouondoa kidogo kidogo. Wanaotajwa kwanza siku zote ni wakulima wa mwani, na naona ni vibaya kuwaanza wao. Kilimo hiki kilianza kibiashara katika pwani yetu ya mashariki mwaka 1989, na tangu wakati huo kimekuwa mikononi mwa wanawake, kikiwapa pesa ambayo hawakuwa nayo. Ni kweli kwamba mahali penye mashamba ya mwani nyasi hupungua, kwa kukanyagwa, kwa kuzibiwa mwanga na kwa kung'olewa ili vijiti na kamba vikae vizuri. Lakini mkulima huyo huyo ndiye wa kwanza kuona majani yanapokufa, na mwani wake mwenyewe unateseka, kwani maji ya joto yamefanya aina ya kotonii, yenye bei nzuri zaidi, ishindwe kustawi katika sehemu nyingi za kina kifupi. Kumhamishia maji ya kina kirefu ni wazo zuri kwake na kwa nyasi pia, ila haliwezi kutekelezwa kwa amri. Wengi wao hawajui kuogelea na hawana vyombo. Kama Serikali inataka uwanda upumue, itoe mafunzo ya kuogelea, mashua za pamoja na mikopo yenye masharti ya kibinadamu, kisha ipange na wanavijiji wenyewe vipande vya kupumzishwa kwa zamu.

Zamu si jambo geni kwetu. Kizimkazi na sehemu za Pemba, jamii zimekubaliana kufunga maeneo ya pweza kwa miezi kadhaa na kuyafungua kwa siku maalumu, na wamesimamia makubaliano hayo wenyewe. Sioni kwa nini kipande cha nyasi kisipewe heshima ya mwamba wa pweza.

Upande wa mahoteli naomba ukali zaidi, kwa kuwa uwezo wao ni mkubwa zaidi. Nyasi zinapofyekwa mbele ya hoteli ili mgeni aogelee bila kuguswa na majani, mchanga uliokuwa umeshikwa na mizizi huanza kuhama, maji hutibuka, na ufukwe wa jirani huliwa. Kisha hujengwa ukuta wa kuzuia mmomonyoko, na ukuta huo husukuma nguvu ya mawimbi kwa anayefuata. Majani yaliyokauka na kutupwa na maji ufukweni nayo hukusanywa na kuchomwa au kufukiwa, ilhali ndiyo yanayoushika mchanga na kulisha viumbe wadogo wa ukingoni. Maji machafu yanayopenya kutoka kwenye mashimo yasiyojengwa sawasawa huongeza rutuba isiyotakiwa, miani ikazidi kasi ambayo koa na samaki wanaokula majani hawawezi kuimaliza, na nyasi zikafa kwa kukosa mwanga. Masharti ya kila kibali yakataze kufyeka, yataje mfumo wa majitaka kwa vipimo vyake na yataje adhabu. Mkaguzi arudi baada ya ujenzi, usiku ule ule wa bamvua, kulinganisha na alichokiona mwanzo.

Kuhusu nyavu za kukokota sina la kuongeza zaidi ya kuwa zimekatazwa na bado zinakokotwa. Kamati za uvuvi za shehia zinahitaji mafuta ya boti na uhakika kwamba kesi wanazoziwasilisha hazitafutwa kwa simu.

Mtaniuliza kama hali ni mbaya kiasi hicho. Tathmini ya dunia iliyochapishwa mwaka 2009 ilikadiria kuwa asilimia 29 ya eneo la nyasi za bahari lililokuwa likijulikana imetoweka tangu mwaka 1879, na kwamba kasi ya upotevu imeongezeka sana katika miongo ya karibuni. Uwanda wetu bado upo. Tasi bado wanaingia demani, kasa bado wanakuja kula, na anayetembea na taa usiku wa bamvua bado anaweza kumkuta koa akitambaa juu ya majani, mwanya wake wa nyuma ukifunguka na kufumba. Tuna nafasi ambayo nchi nyingi zilizotutangulia katika utalii wa fukwe hazina tena, yaani ya kuandika orodha ya tulichonacho kabla ya kukipoteza.

Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 1 Machi kuwa Siku ya Nyasi za Bahari Duniani. Napendekeza siku hiyo itumiwe kutoa hadharani ramani ya uwanda wa nyasi kwa kila shehia ya pwani, ikionyesha pia vibali vilivyokwisha kutolewa juu yake, ili mwananchi ajue kipande cha mbele ya kijiji chake kimeahidiwa nani na kwa masharti gani. Ramani hiyo ibandikwe ofisini kwa sheha, mahali ambapo mvuvi anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa.

Nitafurahi kupata majibu ya mambo mawili kwa njia ya tangazo la wazi: kama maelekezo ya ukaguzi wa usiku yatatolewa, na kama vibali vinavyosubiri saini sasa vitasimamishwa hadi ukaguzi huo ufanyike. Na kama yupo miongoni mwenu anayetaka kuuona uwanda huu kwa macho yake kabla ya kuamua, bamvua huja mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Wanakijiji watakuwepo kumuongoza, na viatu vya mpira vinatosha.

Wenu katika ujenzi wa nchi,

Mkaazi wa pwani ya mashariki, Unguja